Friza Moja, Mkwe na Mama Mkwe

Kwanza funga mlango wa friji, halafu ndipo tuongee. Ndiyo, wewe uliyesimama hapo umeushikilia wazi huku ukijiuliza utakula nini. Friji si televisheni. Baridi inatoka, mita inazunguka, na nyanya zilizo ndani hazitakupa jibu hata ukizitazama mpaka kesho. Anayefungua friji awe tayari anajua anachokifuata na kiko rafu gani. Hilo ndilo somo lenyewe, na mwenye haraka anaweza kuondoka nalo sasa hivi.

Mnisamehe, vijana. Mimi nimestaafu lakini miguu yangu imekataa kustaafu. Mke wangu Kanini anasema ninazunguka jikoni kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Atanyamaza, atashona, halafu atanyanyua macho: "Kyalo, kaa." Nikikaa, nasikia friji ikinguruma nakumbuka sijui nani ameweka maziwa mlangoni, mahali penye joto kuliko pote, basi nainuka tena. Maisha yangu yote nimepika, kwanza katika hoteli moja hapa mjini Machakos, baadaye katika nyumba za watu, na kitu kilichoninyima usingizi hakikuwa moto wa jiko. Kilikuwa baridi.

Hotelini mpishi mkuu wetu alikuwa Mzee Ndolo, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Siku moja nilibakisha maharagwe sufuria nzima. Nikaona busara ni kuyatia kwenye friza yalivyo, ya moto, na sufuria yake. Asubuhi juu yalikuwa jiwe, katikati yalikuwa vuguvugu yamechacha, na nyama iliyokuwa jirani ilikuwa imelegea kwa ule mvuke. Mzee Ndolo aliigonga ile sufuria kwa mwiko, akasikiliza.

"Kyalo, uliambiwa upike ama ujenge?"

Jikoni walicheka mpaka nikatoka nje. Lakini ndipo aliponionyesha. Acha chakula kipoe kabisa. Kigawe kiasi cha mlo mmoja, si zaidi, maana kikishayeyuka hakirudi kuganda tena. Tia mfukoni, toa hewa, kilaze kibapa, kiwe chembamba kama daftari la mtoto. Kibapa huganda upesi na kuyeyuka upesi. Donge halifanyi lolote upesi. Siku hizo mifuko ya nailoni ilikuwa haijapigwa marufuku. Nyinyi tumieni mikebe ya majarini, kazi ni ileile.

Sasa niwaambie kuhusu nyumba ya Mama Mwende, maana huko ndiko nilikofundishwa hofu.

Mama Mwende alikuwa nesi. Mumewe alifanya kazi kiwandani upande wa Athi River, akirudi nyumbani Ijumaa jioni. Mimi nilikuwa nikifika asubuhi, nikipika cha mchana, na kutoka saa kumi kwenda kukama ng'ombe wangu huko njia ya Kangundo. Mama akiwa zamu ya mchana harudi mpaka usiku umeingia, kwa hiyo jioni nzima watoto wawili, Mwende na mdogo wake Muuo, walikuwa peke yao, Halima wa jirani akiwatupia jicho juu ya ua. Halima alikuwa mke wa mfanyabiashara wa mifugo, Msomali wa hapa hapa mjini, na hakuna kilichopita kwenye ua ule bila yeye kukijua.

Chakula kilikuwapo. Shida ni kwamba kilikuwa kimerundikwa. Friza yao ilikuwa ile ya kufungulia juu, ndefu, na kila aliyekuja alitupia chake juu ya cha mwenzake. Ukitaka kuku ulilazimika kuinama mpaka miguu inaning'inia. Mwende alikuwa darasa la tano, angewezaje? Basi jioni walikunywa chai na mkate, wakalala.

Habari ile ikafika kijijini Muthetheni kwa bibi yao mzaa baba. Sisi Wakamba bibi tunamwita Susu, na Susu huyu hakuwa mtu wa kutuma salamu za bure. Alituma neno kwamba anakuja, atakaa mpaka mwisho wa mwezi, na akiona watoto wanalala na chai, atarudi nao Muthetheni wakasome huko. Baba Mwende hakubisha. Alimwambia mkewe, "Mama akishaamua, mimi nitasema nini?"

Kesho yake nilimkuta Mama Mwende amesimama jikoni na sare yake ya kazi, mkoba begani, hajaondoka na saa imepita.

"Baba Mutheu," akaniambia, ndivyo alivyoniita, kwa jina la kifungua mimba wangu, "siwezi kupeana watoto wangu kwa sababu ya sufuria."

"Hutapeana."

"Utanisaidia?"

Nilimwambia ndiyo, nikageuka upesi kuosha kikombe kilichokuwa safi. Niliogopa kuliko nilivyoonyesha.

Tuliitoa friza yote nje. Tulikuta samaki asiye na mwenyewe, tukakuta chupa ya soda iliyopasuka, tukakuta kitu ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini. Tukaiosha, tukaanza upya. Nyama mbichi chini kabisa, ndani ya beseni, isichuruzike juu ya kitu kingine. Katikati isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, yamelazwa bapa mfuko juu ya mfuko. Upande wa pili nzuu, mbaazi mbichi za msimu, zimechovywa tu kwenye maji ya moto na kupoozwa ili zibaki kijani. Juu kabisa, mkono wa Mwende unapofika, vyakula vilivyo tayari. Nilikaanga vitunguu na nyanya sufuria kubwa nikavigandisha vidogovidogo, maana ukiwa na hicho, nusu ya upishi imekwisha. Sukuma wiki sikuigandisha. Niliikata, nikaikausha maji, nikaifunga kwa kitambaa kwenye friji. Mkiigandisha mtakula majani ya chai. Kwenye mapengo nikapachika chupa za maji, ziwe barafu. Stima ya miaka ile ilikuwa ya mgao, leo ipo kesho haipo, na friza iliyojaa hushika baridi kuliko friza tupu.

Kwa alama tulianza na kalamu, wino ukatoka. Mama Mwende akaleta nyuzi za kushonea. Kila mfuko ukafungwa kwa uzi, kila rangi na mwenyewe wake, na asubuhi ninapoondoka kwenda sokoni nautoa mfuko wa jioni nauweka chini kwenye friji uyeyuke polepole. Mwende kazi yake ni kupasha moto. Alijifunza haraka sana. Jumapili mimi sikuwapo, lakini Mama Mwende alipika tena mwenyewe baada ya kanisa, na Jumatatu nikakuta friza imejaa mpaka juu.

Sasa Susu akaja. Na hapa lazima niwaeleze jambo, kwa sababu nyinyi wa siku hizi mnapiga picha na mama mkwe mmekumbatiana.

Kanini wangu ni mtoto wa dada yake Susu. Ndiyo njia niliyoipatia ile kazi. Lakini maana yake ni kwamba Susu alikuwa mama mkwe wangu sawasawa na yule aliyemzaa Kanini, na kwetu kuna nthoni, heshima ya wakwe. Mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe. Hamtazamani usoni, hamsemeshani. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Kuna namna ya kuiondoa kwa zawadi na wazee kukaa, lakini hayo hayafanywi jikoni asubuhi chai ikichemka. Sisi wa mjini tulikuwa tumeanza kulegeza. Susu hakuwa amelegeza hata kidogo.

Na mama wa mashambani akija kwa mwanawe anakaa wapi? Sebuleni? Alikaa jikoni, vijana. Alivuta kigoda, akajifunika leso, akakaa karibu na friza.

Hebu fikirieni siku zangu. Nakohoa nje ya mlango wa nyuma. Ndani nasikia kigoda kinasogezwa, ndala zinaelekea sebuleni. Naingia, napika mbiombio, nachungulia mlango. Sebuleni anakohoa: anataka maji. Natoka nje na mwiko mkononi. Anaingia. Mchuzi unaungua, nausikia unaungua, nami nimesimama kwenye mbolea ya kuku nikihama mguu huu mguu ule. Nikirudi nakuta amepanga upya. Vibapa vyangu vya isyo amevisimamisha kama magunia ghalani. Naviweka sawa. Kesho vimesimama tena. Hatukuwahi kusemezana neno moja, lakini katika friza ile tuligombana kila siku.

Maneno yake yalinifikia kwa Mwende. "Anko, Susu anasema mwambie huyo mtu chakula ya kuganda ni chakula imekufa." Hivyo ndivyo alivyoniita, huyo mtu. Lakini Mwende aliniambia pia kitu kingine, kwamba usiku Susu huwasimulia jinsi nyumba yake ya Muthetheni ilivyonyamaza, jinsi anavyopika isyo sufuria ileile kubwa aliyoizoea watoto wake wakiwa wadogo, na kuku ndio wanaomalizia. Nilipolisikia hilo nilimwonea huruma, na hofu yangu ikaongezeka. Aliwahitaji wale watoto.

Ikafika wiki yake ya mwisho. Alhamisi stima ilipotea mchana kutwa. Nilifunika friza kwa blanketi kuukuu, nikaacha neno kwa Mwende: isifunguliwe, itashika baridi mpaka asubuhi. Ijumaa nilipitia sokoni, nikafika kwa kuchelewa kidogo na kapu la mboga. Baba Mwende alikuwa anarudi jioni hiyo. Nilifungua geti, nikaona.

Uani magunia yametandikwa. Juu ya magunia, kwenye jua la Machakos, mfuko kando ya mfuko, friza yote imeanikwa. Isyo, nzuu, mchuzi wa mbuzi, kuku, vyote. Na Susu amekaa na fimbo anafukuza kuku walio hai.

Aliniona. Akavuta leso usoni, akageuka ukutani. Nami nikageukia geti. Tukakaa hivyo, migongo imetazamana, na nyuma yangu chakula cha watoto kinayeyuka. Watoto wako shule. Mama yao yuko kazini. Nilikanyaga chini, nikakohoa, nikavua kofia nikaivaa, nikakohoa tena.

"Kyalo," sauti ikatoka juu ya ua, "unaongea na geti?"

"Halima! Mwambie huyo mama chakula itoke kwa jua!"

"Si umwambie wewe? Yeye huyo, wewe huyo."

"Siwezi. Ni mama mkwe."

"Wallahi nyinyi mko na mambo." Akapaza sauti, "Mama! Huyu anasema chakula itoke kwa jua!"

Susu akajibu, akiuambia ukuta, "Mwambie huyo mtu hii chakula inatoa jasho. Nimefungua sanduku nikakuta maji kila mahali. Mahindi ikitoa jasho unaanika. Kwetu tumezika watu kwa sababu ya mahindi ya jasho!"

Ilikuwa kweli. Ukambani mahindi yenye unyevu huota sumu, na sumu ile imeua familia. Mama yule aliona matone juu ya mifuko akafikiri wajukuu wake watakula mauti. Kwake yeye, alikuwa anawaokoa.

"Kyalo, anasema..."

"Nimesikia."

"Sasa kama unasikia, mimi nimesimama hapa ya nini? Nimeacha chai kwa moto!"

"Mwambie hiyo si jasho, ni barafu. Mwambie mahindi mkavu anataka jua, lakini chakula imepikwa, jua ndiyo inaua. Mwambie pole pole, Halima. Mwambie na heshima."

Halima akayasema. Kisha Susu akauliza ukuta, kwa sauti ndogo, "Nimeharibu chakula ya watoto?"

Halima hakungoja jibu langu. Alipitia upenyo wa ua akaja akasimama katikati yetu, mikono kiunoni, akatupanga. Susu abebe, aweke kwenye ngazi ya jikoni, ageuke. Mimi nichukue, nigeuke. Na tukafanya hivyo, yeye Halima akisema "haya, Mama" na "haya, Kyalo", mpaka magunia yakabaki matupu.

Nilipapasa mfuko mmoja mmoja. Hivyo ndivyo mnavyojua, si kwa kutazama: bonyeza katikati. Kilicho kigumu ndani bado ni kizima. Nikakiweka chini kabisa kwenye friji kiliwe upesi. Kilicholegea lakini kina baridi kama maji ya mtungi, kikaenda motoni papo hapo kikachemka sana. Kilichopata vuguvugu nilikitupa, na mtupe nanyi, msikionee huruma chakula kuliko tumbo. Nilipika nikitembea. Masufuria yote ya nyumba yalikuwa motoni, la Halima pia. Saa kumi ilipita sikwenda kwa ng'ombe. Nilituma neno Kanini akame. Kila nikipita nafungua kifuniko cha friza, nakuta tupu, nakifunga. Ni mimi huyohuyo ninayewagombeza nyinyi.

Watoto wakarudi, wakashangilia vile vyakula. Susu alikuwa nje kwenye benchi. Hakuwa amekula tangu asubuhi, na sahani ya mbuzi iliyo mbele yake hakuigusa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mwende aliitazama ile sahani, akaja moja kwa moja kwenye friji, akatoa mfuko wa chini, akaupasha moto kwa maziwa kidogo, akaupondaponda kwa mwiko, akampelekea.

"Hii ni nini?" Susu akauliza.

"Ni yako. Ile ya uzi nyekundu ni ya Susu."

"Nani alisema ni yangu?"

"Mama. Alipika Jumapili kabla ukuje. Muthokoi, ile mahindi imetolewa maganda, na nzuu, imeiva sana, haina pilipili. Alisema Susu hana meno ya nyuma na hawezi kusema mwenyewe. Ziko mob, nyingi kabisa, lakini wewe kila siku unasema hutaki ya friza."

Hata mimi sikuwa nimejua. Niliona nyuzi nyekundu nikadhani ni za watoto. Niliegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza siku ile miguu yangu ilitulia. Nje nilisikia kijiko kikigonga bakuli, taratibu, mpaka mwisho.

Baba Mwende aliingia jioni na mkoba wake, na mkewe akaingia nyuma yake akitoka kazini. Mwanamume yule hakuuliza chochote. Alikwenda kwenye friza, akainua kifuniko, akakiacha kidondoke.

"Tupu," akasema. "Mama, basi umejionea. Kesho mtaenda nao."

Mama Mwende alisimama na sare yake. Nilikuwa nimetokea mlango wa nyuma Susu alipoingia jikoni; nilitaka kurudi niseme, lakini mimi ni mkwe.

"Aiee, hapana," Susu akamwambia mwanawe. "Ni mimi nimetoa. Wewe Mutiso, unajua mama yako anatafuna na nini?"

"Mama?"

"Nakuuliza. Unajua niko na meno ngapi?"

Hakujua.

"Mke wako anajua. Hakuna mtu alimwambia, ameangalia tu." Akaifunga leso yake upya. "Mtu anajua hiyo, hawezi kulaza watoto na njaa. Watoto wanakaa."

Mama Mwende alilia palepale, na nitasema ukweli, nyuma ya mlango nami nilikuwa nafuta macho.

Kesho yake nilifika mapema. Susu alikuwa anatoka na kapu lake, peke yake. Watoto walikuwa wamemuaga ndani na Muuo bado alikuwa analia. Nilikutana naye getini. Nikageukia ua upesi, nikatazama miiba. Ndala zake zikafika nyuma yangu, zikasimama.

"Kyalo," akasema.

Hakuwa amewahi kunitaja jina. Hakukuwa na Mwende katikati, wala Halima.

"Hawa watoto wasilale njaa."

"Ndiyo, mwaitu," nikauambia ua. Ndivyo tunavyomwita mama.

Akainua kapu lake, akaenda. Anarudi kwenye nyumba iliyonyamaza, na nilijua hivyo, na sikuweza kugeuka kumtazama. Nilisimama pale mpaka ndala zake zikaacha kusikika. Halafu nikaingia jikoni nikawasha moto, kwa sababu friza ilikuwa tupu na watoto walikuwa wamebaki.